Hotuba juu ya Nyara za Vita na Kurejeshwa Kwake



Halmashauri imetupa heshima ya kunena mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali na kazi zetu za kila siku. Jambo lenyewe ni nyara za vita: vitu vya enzi, vya ibada na vya thamani, hata na mifupa ya wafu, vilivyochukuliwa na majeshi yaliyoshinda vikapelekwa Ulaya, na magomvi yaliyozuka juu ya kuvirudisha. Twatumaini kuwaonyesha ya kwamba jambo hili si la wafalme na majemadari peke yao. Mwisho wake ni jambo la karani, la daftari, na la hati ya makabidhiano.

Kila mmoja wetu aliyepata kuhamishwa kituo ajua makabidhiano yalivyo. Mtu hauachi ufunguo wa kasha mezani akaenda zake. Atokaye na aingiaye hukaa pamoja, wakahesabu, wakaandika orodha: ni kitu gani, ni cha nani, na chakabidhiwa kwa masharti gani. Kisha wote wawili hutia sahihi. Likikosekana moja katika hayo matatu, mwaka haupiti kabla ya mzozo kutokea. Basi, mabwana, magomvi ya nyara za vita tuliyoyasoma yote yamesimama juu ya maswali hayo hayo matatu. Tutatwaa kisa kimoja kwa kila swali, tukianza na cha nyumbani.

Swali la kwanza: ni kitu gani?

Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, likiongozwa na Emil von Zelewski, lilishambuliwa na Wahehe mahali paitwapo Lugalo. Zelewski akafa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake, na Wahehe wakapata bunduki nyingi na mizinga. Na tuseme kweli: hizo nazo zilikuwa nyara. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wadachi waliiteka ngome ya Kalenga. Mtwa Mkwawa akaponyoka, akapigana vita vya porini hata tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi asishikwe hai. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Iringa kwa mkuu wa boma. Mwili usio na kichwa ulizikwa na watu wake huko Mlambalasi.

Hapo habari ya vita yaisha, na habari ya karatasi yaanza. Mwezi wa Novemba 1918, Bwana Horace Byatt, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Kiingereza katika nchi iliyotekwa, aliandika London akishauri kwamba kichwa kile kidaiwe. Hakuandika kwa huruma peke yake. Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza katika vita, na kurudi kwa kichwa kungewaonyesha watu ya kuwa nguvu ya Wadachi imekwisha. Hivyo ndivyo dai la ukoo mmoja wa Uhehe lilivyoingia katika Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Haki ya mnyonge ilipata nafasi katika gari la mshindi, kwa sababu mshindi alikuwa akienda njia moja nayo.

Sharti la 246 la mkataba ule lataja vitu viwili pamoja. Cha kwanza ni Msahafu wa Khalifa Uthman, uliosemekana kuwa ulitolewa Madina na Waturuki ukapewa Kaiser Wilhelm wa Pili. Huo urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Cha pili ni fuvu la Sultani Mkwawa. Hilo likabidhiwe kwa Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Muda uliowekwa ulikuwa miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika.

Miezi sita, mabwana! Fuvu lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Tangu sahihi za Versailles hata siku ile ni miaka 35 kasoro siku tisa.

Sababu ya kukawia kote huko ni nini? Wadachi walijibu kwamba hawana habari za fuvu hilo. Wala aliyedai hakuweza kuwaonyesha nyumba, kabati wala namba. Sharti lilikuwa na muhuri wa mataifa, lakini halikuwa na anwani. Hata mwaka 1953, Gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, alikuta mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka katika nchi iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Alichagua kwa vipimo: akayatenga yaliyolingana na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, na katika hayo akatwaa moja lililokuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo alilomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Lipo Kalenga hata leo.

Tangu siku zile wako wataalamu walioandika wakitia shaka kama fuvu lile ndilo. Sisi hatukuja kuwanyang'anya watu wa Kalenga faraja yao. Walilipokea kwa heshima iliyompasa Mtwa, na heshima hiyo haina shaka ndani yake. Lakini twataka mwone shaka yenyewe ilikozaliwa. Ilizaliwa siku ile kichwa kilipoondoshwa nchini pasipo orodha, pasipo stakabadhi, na pasipo jina kubandikwa juu yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tulinganishe na jambo lililotokea mwaka 2023. Wataalamu wa Berlin walimaliza kuchungua mafuvu 1,135 ya Afrika ya Mashariki yaliyokusanywa zamani za utawala wa Wadachi. Waliona ya kuwa 904 yatoka Rwanda, 197 yatoka Tanzania, na 27 yatoka Kenya. Katika hayo yote, matatu tu yalioanishwa na jamaa walio hai, nao ni Wachaga. Kwa mojawapo, habari zilizohifadhiwa zilikuwa zimekwisha kuelekeza kwa mtu aitwaye Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli, yule Mangi aliyenyongwa na Wadachi Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Wazao wake wakatafutwa, wakatoa mate yao yapimwe, na vipimo vikakubaliana. Neno moja lililodumu katika kumbukumbu liliwaongoza watafutaji hata mlangoni pa nyumba ya watu. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuonekana katika uchunguzi ule. Na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa Songea mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji, nao wangali wakiuliza kichwa cha mzee wao kiko wapi, ingawa tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha. Msamaha ni neno jema, nasi twaushukuru. Lakini msamaha hauwezi kujaza nafasi ya namba iliyokosekana katika rejista.

Swali la pili: ni cha nani?

Hapa yatupasa kusafiri hata Afrika ya Magharibi, kwenye mji wa Benin, ulio katika Nigeria ya leo. Mwezi wa Februari 1897 jeshi la Waingereza liliuteka mji ule, likamwondoa Oba Ovonramwen katika kiti chake. Alipelekwa uhamishoni Calabar, akafia huko mwaka 1914. Katika jumba lake vilichukuliwa vitu kwa maelfu: vichwa vya shaba, mabamba ya shaba yenye picha za wafalme na mashujaa, na pembe za ndovu zilizochongwa. Mabamba yale yalikuwa kumbukumbu za ufalme, kama yalivyo madaftari kwetu. Yalitawanywa London, Berlin na kwingineko, na sehemu iliuzwa.

Waedo walidai miaka mingi. Hatimaye milango ikaanza kufunguka. Mwezi wa Oktoba 2021, Jesus College ya Cambridge na Chuo Kikuu cha Aberdeen kila kimoja kilirudisha kitu. Tarehe 1 Julai 2022, Ujerumani na Nigeria zilitia sahihi tamko la kwamba umiliki wa vitu zaidi ya 1,000 vilivyo katika nyumba za makumbusho za Ujerumani waweza kuhamishiwa Nigeria. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Makumbusho ya Horniman, London, yaliuhamisha umiliki wa vitu 72.

Lakini mlango ulipofunguka, swali likageuka: apokee nani? Serikali ya Nigeria kwa niaba ya taifa zima? Jimbo la Edo, lililotaka kujengwe nyumba mpya ya makumbusho? Au Oba, ambaye jumba la babu zake ndilo lililotekwa? Mwezi wa Machi 2023 Rais Muhammadu Buhari alitangaza kwa amri ya Serikali ya kwamba mwenye mali ni Oba. Mwezi wa Mei, Chuo Kikuu cha Cambridge, kilichokuwa tayari kukabidhi vitu 116, kiliahirisha makabidhiano. Huko Ulaya wale wasiopenda kurudisha wakapata la kusema.

Hatuwalaumu ndugu zetu wa Nigeria. Mzozo wao una maana, maana kila upande una haki yake: ufalme ulikuwapo kabla ya taifa, na taifa ndilo lenye mabalozi wa kudai. Mwaka 2025 Uholanzi ilirudisha vitu 119, wakapokea, njia haikuzibika. Lakini vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Swali la nani apokee lafaa kujibiwa nyumbani kabla ya sanduku kupakiwa melini. Hata kwetu, mabwana, likirudi kesho gongo la mtawala au ngoma ya mganga wa Majimaji, je, tumekwisha kupatana? Litawekwa Dar es Salaam mbele ya wageni, au litarudi kijijini kwa ukoo? Tukingoja meli ifike ndipo tuanze kubishana, tutabishana mbele ya yule yule aliyelichukua.

Swali la tatu: kwa masharti gani?

Mwaka 1874 jeshi la Jemadari Garnet Wolseley liliingia Kumasi, mji mkuu wa Waasante, likauteka na kuutia moto, likachukua dhahabu ya jumba la Asantehene. Mwaka 2024 ilitimia miaka 150 tangu siku zile. Mwaka huo Makumbusho ya Kiingereza na Makumbusho ya Victoria na Albert, yote ya London, yalipeleka vitu 32 katika makumbusho ya jumba la Manhyia huko Kumasi. Watu wakafurahi, wakavaa, wakaenda kutazama. Lakini hati yasemaje? Yasema: kwa mkopo, muda wa miaka mitatu.

Mabwana, fikirini neno hilo. Mtu akitwaliwa kiti chake nyumbani mwake, kisha akiletewa kiti hicho na karatasi isemayo "kwa mkopo", akitia sahihi je, hajakiri kwamba kiti si chake? Nguo ya kuazima haisitiri. Waingereza wajibu kwamba mikono yao imefungwa na sheria: Sheria ya Makumbusho ya Kiingereza ya mwaka 1963 na sheria nyingine ya mwaka 1983 zawazuia wadhamini wa nyumba hizo kutoa mali iliyomo, isipokuwa kwa sababu chache. Jibu hilo ni la kweli. Lakini sheria hutungwa na Bunge, na Bunge laweza kuibadili. Wafaransa nao walikuwa na sheria kama hiyo. Mwezi wa Desemba 2020 wakatunga nyingine, na mwezi wa Novemba 2021 wakarudisha vitu 26 vya Abomey, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Benin, vilivyotekwa na jeshi la Jemadari Dodds mwaka 1892. Na mwezi wa Februari 2024 Makumbusho ya Fowler, ya chuo kikuu huko Los Angeles, Marekani, yaliwakabidhi Waasante vitu saba, nayo hayakuweka muda wala sharti la kuvirudisha.

Hata hivyo hatusemi kwamba Asantehene alikosea kupokea mkopo. Wazee wa Kumasi walivitazama kwa macho yao vitu ambavyo babu zao walikufa bila kuviona tena. Mwenye njaa hakatai nusu ya mkate. Tusemalo ni hili: nusu iandikwe kuwa nusu. Apokeaye kwa mkopo na aandike pembeni ya sahihi yake kwamba dai la umiliki halijafutwa, ili mjukuu wake asije akaambiwa, "Babu yako alikiri."

Sasa wako wasemao, na wengine ni watu wetu wenyewe: viacheni huko, ndiko kwenye usalama, hapa vitaliwa na mchwa au kuuzwa. Neno hili lastahili jibu la haki. Ni kweli ya kwamba kutunza ni kazi na ina gharama, na yatupasa kuona haya kwa bohari zetu zivujazo. Lakini usalama wa Ulaya nao si wa peponi. Katika Vita Kuu ya Pili, maelfu ya vitu vya makumbusho ya Berlin vilichukuliwa na jeshi la Warusi vikapelekwa Leningrad. Nyara zikatekwa kuwa nyara tena! Wadachi wakavitaka vyao, na miaka mingi baadaye vikarudi Ujerumani. Na mwezi wa Agosti 2023 Makumbusho ya Kiingereza yenyewe yalitangaza kwamba vitu vyake vimeibiwa, vimepotea au vimeharibiwa. Hesabu yake ikaja kutajwa kuwa yapata 2,000, na vingi havikuwa vimeandikwa ipasavyo katika orodha. Hapo twaona tena ile ile: pasipo daftari, hata katika nyumba kubwa kuliko zote, mali hupotea bila habari.

Wengine wasema: sheria za mataifa zitatuamulia. Twaogopa kwamba hazitatosha. Mkataba wa The Hague wa 1899 ulikataza uporaji vitani, lakini waliouandika hawakuwahesabu watu wa Uhehe wala wa Songea kuwa wamo. Mkataba wa UNESCO wa 1970 wakataza biashara ya haramu ya vitu vya utamaduni, lakini haurudi nyuma kuyahukumu yaliyotendwa kabla yake. Kwa hiyo anayedai nyara ya 1898 au 1905 hana mahakama iliyo wazi. Ana hoja yake tu, na hoja husimama juu ya ushahidi.

Basi kazi yetu ni ipi? Sisi hatuna majeshi, wala si mabalozi. Tuna kalamu na kabati. Twatoa mashauri matatu.

La kwanza: katika kila wilaya wako wazee waliosikia kutoka kwa baba zao ni kitu gani kilichukuliwa, na nani, na wapi. Wazee hawa wanapungua kila mwaka. Mwanachama aliye karibu nao na aandike maneno yao: jina la kitu kwa lugha ya wenyewe, umbo lake, kazi yake, mahali kilipokuwa, na jina la aliyekuwa mlinzi wake. Asipambe. Akitofautiana mzee na mzee, aandike maneno ya wote wawili. Kisha afanye nakala mbili, moja ibaki kwa ukoo na moja iende katika Nyaraka za Taifa.

La pili: mafaili ya zamani yasichomwe kwa kuwa yamejaza chumba. Barua ya Bwana Byatt ilikuwa karatasi moja katika maelfu. Kama karani fulani angeitupa, leo tusingejua dai la Uhehe lilianza vipi wala kwa nia gani. Karani hajui ni karatasi ipi itakayoulizwa baada ya miaka 100. Kwa hiyo huzilinda zote.

La tatu: tuanze sasa mazungumzo ya nyumbani. Ukoo, wilaya na Serikali wakae pamoja kabla ya meli. Na patakapokuwapo makabidhiano, sahihi zisiwe mbili tu, ya atoaye na ya Serikali ipokeayo. Pawe na ya tatu, ya wale ambao mzee wao alitwaliwa.

Twajua ya kwamba kazi hii haina cheo wala nyongeza ya mshahara. Lakini fikirini tena yale mafuvu 197. Mangapi yamepata jamaa zake? Katika yaliyobaki kila moja lilikuwa na jina, na mama aliyelichagua jina hilo. Pengine katika kijiji fulani yuko mzee mmoja alijuaye bado. Akiondoka kabla hatujafika na kalamu, hapana mkataba wala gavana atakayeweza kutuambia ni nani yule.

 Kama yako maswali tutayajibu kadiri ya uwezo wetu. Na kama yuko mwanachama ambaye kwao kuna habari ya kitu kilichochukuliwa, karatasi na wino viko hapa mezani, na tungependa kuanza naye jioni hii.